Sahihi ya Mwenye Mbwa

Nchi hii ipo, ila usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote zilikusanywa zikapelekwa kusahihishwa, na kamati ya kusahihisha bado iko kwenye chai. Ni nchi yenye amani tele. Ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na saba, ina sanamu nne za mtu mmoja, na ina mbwa.

Mbwa wenyewe ni wa wakubwa. Kwetu mtu akipata cheo, kitu cha kwanza kuletewa si nyumba wala gari, ni mbwa. Mkuu wa idara hupewa mbwa wa kufika gotini, katibu mkuu wa kufika kiunoni, na waziri hupewa mbwa ambaye akisimama mlangoni sebule inaingia giza. Mbwa huyo hafunzwi, maana kumfunza mbwa ni kazi, na mkubwa haonekani akifanya kazi. Hafungwi pia, kwa kuwa watu wakiona mnyororo watasema mzee anaogopa. Geti likifunguliwa gari litoke, mbwa naye hutoka na kushuka mtaani kwa ziara yake ya kikazi. Basi tukawa tunaumwa, na tuliumwa kwa utulivu mkubwa.

Mimi ni karani wa mihtasari. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa vikaoni na kuyaacha nje yanayoeleweka. Siku ilipoundwa Mamlaka ya Utii wa Mbwa na Wajibu wa Wenyewe nilihamishiwa huko kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mwandiko huo sasa unanitia kinyaa, lakini tusiyawahishe mambo.

Mamlaka ilianza vizuri sana. Mkurugenzi wake, Bwana Hemedi Chubwa, mtu ambaye maishani mwake hajafuga hata kuku, alitangaza mafunzo ya wiki sita: mbwa kukaa, mbwa kusubiri, mbwa kuja akiitwa. Kila mwenye mbwa alitakiwa aje mwenyewe, kwa kuwa mtaalamu aliyeandika mwongozo alisema kwamba mbwa hafunzwi na mwalimu, hufunzwa na anayeishi naye, kidogo kidogo, kila siku, kwa subira. Sentensi hiyo iliondolewa katika toleo la pili.

Siku ya kwanza waliandikishwa mbwa thelathini na wanane. Wakahudhuria madereva thelathini na wanane, kila mmoja ameshika picha ya mbwa wa bosi wake. Mbwa wenyewe walikuwa na udhuru. Madereva wakaambiwa kaa, wakakaa. Wakaambiwa subiri, wakasubiri. Wakiitwa, wanakuja mbio. Mwalimu alisema hajawahi kupata wanafunzi wepesi kama hao. Mwisho wa wiki sita mbwa wote wakafuzu, na vyeti niliviandika mimi kwa mkono wangu: jina la mbwa, jina la mwenye mbwa, daraja. Aliyeongoza ni Jemadari. Mwenye mbwa: Mheshimiwa Barnabasi Ludigo, Waziri wa Utii na Maadili. Cheti nikampelekea yeye, nakala nikaiweka kwenye jalada langu. Hiyo nakala uikumbuke.

Mwezi uliofuata walioumwa waliongezeka maradufu. Bwana Chubwa akaitisha kikao cha dharura na kusema kwa sauti ya mtu aliyekesha akifikiri:

"Waheshimiwa, mbwa wote wana vyeti. Mwenye cheti hawezi kuwa na kosa. Kwa hiyo tatizo liko upande wa pili wa meno."

Niliandika kwenye mabano: makofi. Hapo ndipo yalipozaliwa Mafunzo ya Utii kwa Wanaoumwa.

*

Usije ukadhani serikali iliwasahau wenye mbwa. Waziri Ludigo mwenyewe alisimama bungeni akahutubia kwa saa nzima na dakika arobaini, jasho likimtiririka, akipiga meza na kurudia neno moja: wajibu. Alileta kanuni mpya. Mtu akiumwa, asichomwe sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa mpaka kwanza mwenye mbwa atie sahihi Fomu Namba Tisa, akiri kwamba mbwa ni wake na kwamba ameupokea wajibu.

"Tukimtibu aliyeumwa kabla mwenye mbwa hajakiri," alinguruma, "tutakuwa tumemsaidia mwenye mbwa kukimbia! Hatutaki huruma inayolea uzembe!"

Bunge lilisimama lote. Hata mimi nilisisimka, nakiri. Tulichosahau wote ni mila yetu wenyewe: kwetu hakuna mkubwa anayetia sahihi karatasi yenye neno wajibu. Tangu nchi ipate bendera, karatasi ya namna hiyo ikifika mezani kwa mkubwa anaigonga mhuri wa IMEONWA, kisha inaendelea na safari. Tuna madaraja yaliyoonwa kabla hayajaanguka. Tuna njaa mbili zilizoonwa vizuri kabisa. Basi kwa miezi mitano fomu zilizotiwa sahihi zilikuwa sifuri, na dawa za chanjo zikakaa kwenye friji ya hospitali, zikilindwa na askari mwenye bunduki.

*

Bi Mashavu ni dobi wa Mtaa wa Juu, kule wanakokaa wakubwa. Mashuka ya Waziri Ludigo yamepita mikononi mwake miaka tisa, na mashuka husema mengi, lakini yeye si mtu wa maneno. Jemadari alimjua tangu akiwa mtoto wa kutosha kwenye karai. Nyumba ile ilimlisha mbwa siku ilipokumbuka, na siku ambazo haikukumbuka alikula ukoko wa Bi Mashavu.

Jumatatu moja Waziri alirudi kutoka mkutano wa siku nne kuhusu ustawi wa wanyama. Siku zote hizo nne hazikuwa za kufua, na hakuna aliyemtupia mbwa hata mfupa. Bi Mashavu alipoinama na bakuli, Jemadari akaruka kabla bakuli halijafika chini, akamng'ata shavu la mguu. Kisha geti likafunguliwa gari lipite, mbwa naye akapita. Hadi adhuhuri alikuwa ameshauma watu kumi na mmoja kwenye foleni ya bomba la maji.

Bi Mashavu aliosha kidonda kwa sabuni ya mche, akajifunga kitambaa, akaenda hospitali akichechemea. Tabibu wa pale ni Sikitu, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo.

"Kuosha kwa sabuni umefanya la maana sana, Mama," alimwambia. "Sasa inatakiwa sindano. Ugonjwa huu ukishaanza hauna dawa. Hauna kabisa. Tunauwahi kabla."

"Basi niwahi, mwanangu. Mguu huo hapo."

Sikitu alimtazama askari wa friji. "Nikikuchoma bila sahihi ya mwenye mbwa wataziondoa dawa zote. Hospitali ya bondeni walifanya hivyo, na leo friji yao wanawekea soda. Nenda kwa mwenye mbwa, Mama. Na usikawie."

*

Utaratibu unataka karani ashuhudie, kwa hiyo nilifuatana naye. Tulimkuta Waziri sebuleni, amevaa kanzu ya nyumbani. Ukutani nyuma ya kichwa chake kulining'inia cheti cha Jemadari katika fremu ya dhahabu, mwandiko wangu ukimeremeta. Jemadari mwenyewe alikuwa amelala juu ya kandambili za bwana wake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Mashavu. Mashuka ya wiki hii yametakata mno."

"Nashukuru. Nimekuletea karatasi. Mbwa ameniuma."

Aliisoma pole pole. Alipofika kwenye neno wajibu aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa nepi ya mtoto wa mwenzake.

"Mbwa gani?"

"Si ndiye huyu hapo, Mheshimiwa?"

Waziri akatazama miguuni pake kwa muda mrefu, kwa mshangao wa mtu anayeoneshwa nyota. "Huyu? Huyu huwa anakuja tu."

"Miaka sita?"

"Nchi yetu ni ya ukarimu, Mama. Karani, hiyo iandike."

Nikaiandika. Akatoa mhuri kwenye mfuko wa kanzu, akaupulizia pumzi, akagonga IMEONWA, akaturudishia fomu na kutuuliza kama tumekunywa chai. Tulipokuwa tunatoka aligundua macho yangu yalikuwa ukutani. Kesho yake nilipopeleka barua nyingine pale palikuwa na msumari tu.

*

Bwana Chubwa alimfariji Bi Mashavu kwamba hajakwama. Lipo Baraza la Kubainisha Mwenye Mbwa, litakaa Jumatatu. Ila hasikilizwi mlalamikaji ambaye hajahudhuria Mafunzo ya Utii kwa Wanaoumwa, siku tatu mfululizo.

Walifunzwa kwenye kiwanja cha mpira, yeye na wale kumi na mmoja, wamefungwa vitambaa hapa na pale. Mwalimu alikuwa na filimbi. Kaa! Wakakaa kwenye vumbi. Subiri! Wakasubiri. Tazama chini! Usikimbie, kukimbia kunamchokoza! Ukiumwa usipige kelele, utamtia mbwa msongo wa mawazo! Fundi viatu mmoja aliyeumwa mkono wa kazi aliinua ule uliobaki akauliza, "Mwalimu, na mbwa atafunzwa lini?" Akaongezewa saa nzima ya kukaa. Nilisimama kivulini na kitabu changu nikiwawekea alama ya vema wanadamu kumi na wawili kwa kujua kukaa.

Usiku na mchana wa siku hizo, dawa ilikuwa hatua mia nne kutoka kiwanjani.

*

Jumatatu ukumbi ulijaa. Bwana Chubwa alisoma kanuni, kifungu cha tatu: mwenye mbwa ni yule ambaye mbwa humtii. Kisha akanigeukia.

"Karani, kwenye kumbukumbu za Mamlaka kuna karatasi yoyote inayoonesha mwenye mbwa huyu?"

Jalada lilikuwa mapajani mwangu, na kidole changu kilikuwa juu ya nakala yenyewe. Niliiona L ya Ludigo, ile niliyoipamba kwa mkia.

"Hakuna, Bwana Mkurugenzi. Ukurasa ulilowana."

Nilisema hivyo bila hata kukohoa. Bi Mashavu alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini kama alivyofunzwa.

Ikaja zamu ya jaribio. Jemadari aliletwa, akaachiwa katikati ya ukumbi. Waziri Ludigo akasimama, akarekebisha tai, akaita kwa sauti ya bungeni: "Jemadari! Njoo hapa!"

Mbwa akapiga mwayo.

"Jemadari! Kaa!"

Mbwa akasimama, akajikuna sikio, akaenda kunusa mguu wa meza. Waziri akatugeukia uso ukimng'aa kwa furaha. Nimeona watu wakijivunia mbwa mtiifu; yule ndiye wa kwanza niliyemwona akijivunia asiyemsikia.

"Mmeona wenyewe! Hanitii hata chembe! Ningekuwa mimi ndiye mwenye mbwa, si ningekuwa nimemfunza?"

Nikaandika: makofi ya muda mrefu.

Bwana Chubwa akainua nyundo yake ndogo. Mbwa hana mwenyewe, alisema. Pasipo mwenyewe hapana sahihi, na pasipo sahihi sindano haiwezekani. Wale kumi na mmoja walikuwa wamekaa mstari mmoja, wametulia, daraja la kwanza wote. Fundi viatu alikuwa akiufunua na kuufunga mkono wake wa kazi.

Bi Mashavu akasimama. "Naomba kuuliza, Bwana Mkubwa. Akiitwa na mtu mwingine, akaja?"

"Basi huyo ndiye mwenye mbwa, Mama. Na kifungu cha nne kitamhusu. Mbwa akiuma zaidi ya mtu mmoja, mwenyewe ni jela miaka miwili, hakuna rufaa."

"Na sahihi ya huyo inakubaliwa siku hiyo hiyo?"

"Papo hapo."

"Kwa wote kumi na wawili?"

Chubwa akamtazama Waziri. Waziri alikuwa ameshaelewa, na alikuwa anatabasamu. "Kwa wote," Chubwa akasema.

"Mama, fikiri kwanza," Sikitu alisema kutoka nyuma.

"Nimefikiri tangu Jumatatu ile niliyoumwa, mwanangu. Miaka miwili ina mwisho wake."

Hakupaza sauti. Aliita kama anavyoita akiwa kwenye beseni la kufulia, mikono imejaa povu: "Jema. Njoo, baba. Njoo ule." Hakuwa na kitu mkononi. Mbwa akainua kichwa, akapita mbele ya Waziri, akakanyaga kiatu chake kilichong'arishwa, akaenda kukaa mbele ya yule mwanamke na kuegemeza kichwa kwenye kitambaa cha kidonda alichomtia yeye.

Alitia sahihi fomu kumi na mbili kabla askari hajamfunga pingu. Alasiri hiyo friji ilifunguliwa, naye alikuwa wa mwisho kuchomwa, akiwa na askari kila upande. Ripoti ya Mamlaka ilisema idadi ya wenye mbwa waliotimiza wajibu imepanda kutoka sifuri hadi mmoja, ongezeko ambalo wataalamu wameshindwa kulipigia asilimia.

*

Jemadari sasa alikuwa mali ya mfungwa, na mali ya mfungwa lazima itunzwe. Waziri Ludigo alijitolea kumtunza, kwa moyo wa kizalendo, juu ya kandambili zile zile. Kwa kuwa taifa zima lilikuwa limeshuhudia mbwa akija alipoitwa, iliamuliwa pia apewe nishani ya Mbwa Mtiifu wa Mwaka.

Siku ya nishani mbwa alikataa maji. Udenda ulimtoka, macho yalikuwa hayatulii. Dereva alijua, wiki kadhaa nyuma alimwona akipigana na mbwa koko mwenye povu mdomoni, lakini kusema kungemlazimu kujaza fomu. Waziri aliinama mbele ya wapiga picha kumvisha utepe, na Jemadari akamng'ata kiganja, akaning'inia. Gazeti liliandika: MBWA AMSHUKURU WAZIRI. Baada ya siku mbili mbwa alikufa, na Sikitu akathibitisha kwamba ni kichaa.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Waziri alikimbilia hospitali na kiganja chake, na askari wa friji akamsomea kanuni huku akimwonesha mhuri wa wizara yake chini ya ukurasa. Akataka kwenda kutibiwa ng'ambo kama ilivyo mila. Ubalozi ukataka kwanza cheti kwamba hana kichaa. Ikabidi apate sahihi ya mwenye mbwa. Mafunzo ya wanaoumwa alihudhuria kwa siku tatu, yaani alihudhuria dereva wake, akafuzu.

Nilikwenda naye gerezani kama shahidi. Pana dirisha dogo lenye nondo. Bi Mashavu alikuja akipangusa mikono, maana huko nako amepewa kazi ya kufua.

"Shikamoo, Mama," alisema Waziri. Alikuwa na umri wa kumzidi, lakini siku hiyo alitangulia yeye.

Bi Mashavu hakuitikia. Aliisoma fomu. "Nitatia sahihi," akasema. "Sikatai. Ila niambie mbwa alikuwa wa nani. Niambie mimi tu, karani hataandika."

Waziri alinitazama. Aliitazama kalamu yangu, akautazama mlango. Kiganja chake kilikuwa kimevimba kama mkate. Mtu yule alikuwa anakufa, na alijua, na neno lenyewe lilikuwa na silabi mbili.

"Ni wako, Mama," alisema. "Baraza ndilo lililosema."

Bi Mashavu akatia sahihi, akaipitisha fomu kati ya nondo. Waziri aliinyakua akaondoka bila kuaga. Nilisikia gari likiwaka. Sikujua ninamchukia nani zaidi.

Ndipo nikaitoa nakala ya cheti kifuani nikampa. "Mama, hii hapa. Ilikuwepo siku zote. Nitaipeleka leo, utatoka leo."

Aliisoma yote, hata daraja. "Una mwandiko mzuri," akasema. Kisha akairudisha. "Ukiipeleka leo mimi si mwenye mbwa. Na kama si mwenye mbwa, sahihi zangu zimekufa, na friji inafungwa. Sindano ni tano. Fundi viatu amepata mbili. Ngoja wamalize."

"Hata huyu?"

"Hata huyu. Mwisho wake lini?"

"Siku ishirini na nane kuanzia leo."

"Basi siku ya ishirini na tisa uje."

Hayo ndiyo yaliyotokea, na sikuongeza chumvi. Chumvi kwetu ni ya wizara nyingine. Wote kumi na watatu walimaliza sindano na wako wazima. Waziri Ludigo ameletewa mbwa mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Bi Mashavu anafua.

Leo ni siku ya sitini na tatu. Nakala iko kwenye droo yangu. Kila asubuhi naifungua, naisoma, naifunga, kwa kuwa Bwana Chubwa hupita na kuniuliza hali, nami humjibu salama. Sijawahi kuumwa na mbwa hata mmoja, na mafunzo yale sikuandikishwa. Nimekaa. Nasubiri.